Kijikombe cha Mjomba

Viasi vile vya bunduki ya Mjomba nilivishindilia mimi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kijijini kwetu kila mtu ana namna yake ya kuusimulia mkono wa Mjomba. Wako wanaosema nguruwe yule hakuwa nguruwe. Wako wanaosema hasadi, kwa vile msimu ule mpunga wake ulitangulia wa wenzake. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, alishikilia mpaka anakufa kwamba bunduki ile ilitoka kwa mwenyewe wa kwanza na deni lisilolipwa. Hakuna anayesema kwamba usiku wa kuamkia siku ile mtoto wa miaka 14 alikaa kitako juu ya mkeka, akachota baruti kwa kijikombe, akajaza maganda manane ya shaba, na akaona fahari.

Ilikuwa mwaka 1983, kaskazini ya Pemba, kijiji kisicho mbali na Konde. Mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa msasi. Wasasi wengine wa kwetu walitoka na mbwa, mikuki na nyavu. Yeye alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, nambari 12, yaani ukubwa wa tundu la mtutu, na kibali chake cha polisi alichokiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mazao. Nguruwe wakiingia kwenye muhogo usiku mmoja hawabakishi tuta, na tumbili hula nusu, nusu wakaitupa, kama wanaokukomoa. Nyama ya nguruwe haikuwa na kazi kwetu. Mwenye shamba alimlipa Mjomba pishi mbili tatu za mpunga, au mkungu wa ndizi, basi. Nyama tuliyoila sisi ilikuwa ya ninga na ya popo.

Nikimtaja popo vijana wa leo hukunja uso. Popo wa Pemba si wale wadogo wa darini. Huyu mabawa yake yakitanuliwa yanapita mita moja na nusu, anakula matunda, na duniani kote yuko Pemba tu. Babu alimnasa kwa ulimbo na nyavu, mmoja mmoja. Bunduki ilipoingia, mtu alisimama mchana chini ya mti waliolala mamia, akapiga mara moja, wakaanguka kadhaa na wengine wengi wakaruka na marisau, zile punje za bunduki, mwilini wakafie mbali. Miaka ya mwisho ya 1980 watafiti walihofia kwamba wanakaribia kwisha. Leo wamerudi, na ukifika Kidike, upande wa Ole, utawaona wananing'inia juu kama mbilimbi zilizoiva, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwatembeza wageni. Mimi nikienda pale hukaa kimya. Nimekula wengi.

Turudi kwenye viasi. Kiasi ndilo neno la wazee wetu kwa hiki ambacho wengine wanakiita risasi ya bunduki: ganda lenye fataki ya kuwashia kitakoni, ndani baruti, juu yake kizibo, juu ya kizibo marisau. Neno hilohilo ndilo la kipimo. Mtu akikwambia "tia kiasi," anakwambia usizidishe. Nilitumia lugha hii miaka arubaini kabla ya kulisikia jambo hilo.

Viasi vya dukani Mjomba hakuvimudu, na miaka ile hata mwenye pesa hakuvipata. Ulikuwa wakati wa dhiki, sabuni yenyewe ilitafutwa. Kwa hiyo alikuwa na maganda yake manane ya shaba tupu, ambayo yakishapigwa huokotwa, hufutwa masizi, hutiwa fataki mpya, hujazwa upya. Fataki alizipata kwa rafiki yake wa Unguja, ndani ya kikopo kidogo cha bati. Vizibo alivikata kwenye kadibodi ya maboksi ya makubadhi, na katikati ya vizibo viwili akatia usumba. Marisau aliyayeyusha mwenyewe kutoka kwenye chubwi za wavuvi, juu ya mafiga ya mkaza mjomba wangu, ndani ya chungu ambacho kesho yake mkaza mjomba alikitaka kwa mchuzi. Siku moja ya masika tone la mvua lilipenya makuti likaingia ndani ya chungu kile. Sijasikia mlio kama ule jikoni. Maji yakigusana na risasi iliyoyeyuka, yaani metali ya zile chubwi, hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke ule huirusha risasi juu. Mjomba alipata kovu la mguu, lenye umbo la jani. Madhara ya ule moshi na vumbi la risasi kwa watoto tuliokuwa tumekaa pale hatukuyajua, wala hakuna aliyenawa mikono kabla ya kula. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, tena haina harufu wala ladha ya kukuonya. Nikisahau kitu siku hizi, mke wangu huniuliza kama ni chungu kile.

Na kipimo chake kilikuwa kijikombe. Alikikata kwenye kitako cha ganda bovu la shaba, akakichomelea mkono wa waya, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Kijikombe kimoja cha baruti nyeusi, kusawazisha kwa ukucha, basi. Alikitumia zaidi ya miaka kumi na hakikumdanganya hata siku moja. Nasisitiza hili kwa sababu watu wakisikia habari ya mtu aliyepasukiwa na bunduki hudhani alikuwa mzembe. Mjomba hakuwa mzembe. Bunduki haikuingia ndani ya nyumba ikiwa na kiasi. Aliikunja mlangoni, akakitoa, akachungulia mtutu kwenye mwanga ndipo akavuka kizingiti. Asubuhi alichungulia tena, kwa sababu kuna wale nyigu wanaojenga kwa udongo, ambao hawaachi tundu, na tope la nyigu mtutuni linatosha kuupasua. Akivuka mto aliikunja bunduki mkononi. Msimu wa karafuu ukianza alikuwa hapigi kitu chochote kilicho juu ya mti, hata ninga awe amekaa mbele yake, kwa sababu mkarafuu unapanda mita 12 na zaidi na mchumaji akiwa kileleni majani humfunika wote, unaona tawi linatikisika tu. Alinipiga kofi mara moja tu maishani, siku niliyouelekeza mtutu mtupu kwa mbuzi.

Mtu wa namna hiyo.

Masika ya mwaka ule baruti yake nyeusi ilikaribia kwisha. Rafiki yake, aliyekuwa na bunduki nzuri zaidi, alimpa mfuko wa viasi vya karatasi vya dukani vilivyofura kwa unyevu. Ganda la karatasi likikaa Pemba miaka miwili huwa hivyo, linavimba, haliingii tena kwenye bunduki. Kuvitupa ilikuwa dhambi. Mjomba akavipasua kwa kisu, marisau akayatia kwenye chupa, baruti akaikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga. Haikuwa kama baruti tuliyoizoea. Yetu ilikuwa nyeusi, chengachenga kama mchanga wa ufukwe wenye masizi. Hii ilikuwa vibapa vidogo vya kijivu, vyepesi, vinavyoteleza.

Akaijaribu. Nakumbuka vizuri, kwa sababu aliniita nitazame. Alichukua kigae, akaweka mafundo mawili mbalimbali, moja la baruti ya zamani na moja la ile ngeni, akayagusa kwa kaa la moto. Ya zamani ikaondoka kwa mara moja, fuu, moshi mweupe mpaka darini. Ile ngeni ikawaka polepole, kwa ulimi wa njano, kama pamba iliyotiwa mafuta ya taa. Mjomba akatikisa kichwa.

"Dhaifu hii," akasema. "Imeshaharibika na maji. Usiipunguze, mwipwangu. Jaza."

Kila nilichojifunza baadaye kuhusu baruti kimo ndani ya kigae kile, kwa kuwa jaribio lile linasema uongo. Baruti nyeusi haijali sana kama iko wazi au imefungwa, inawaka upesi popote. Ile ya kisasa, isiyo na moshi, ikiwa wazi ni mpole. Ukiifungia ndani ya ganda, joto na mgandamizo vinaiharakisha, nayo ikiharakisha inazidisha mgandamizo, na mgandamizo unaiharakisha tena. Kwa uzito, ina nguvu mara kadhaa ya ile nyeusi. Kijikombe ambacho mtu anatia sehemu yake tu, Mjomba aliagiza nijaze.

Nami nikajaza, nikazidisha. Hii ndiyo sehemu ambayo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Vile vibapa vilikuwa vyepesi na vimeachana, na nilipotia kizibo nikashindilia kwa kijiti, vikashuka. Kizibo kikakaa chini ya mahali pake pa kawaida. Nikaona nimepunja. Nikatoa kizibo, nikaongeza nusu ya kijikombe, nikashindilia tena, kikakaa sawa. Yote manane. Mara moja nilisita, nikataka kumwita Mjomba nimwonyeshe kwamba hii haikai kama ile, lakini alikuwa kwenye mswala, na alipomaliza alikuwa na wageni, na mimi nilikuwa mtoto niliyepewa kazi ya watu wazima kwa mara ya kwanza. Nikafunika maganda kwa nta ya mshumaa. Mshumaa wenyewe ulikuwa unawaka, pembeni ya kopo la baruti lililo wazi, na juu yetu kandili. Ikiwa kuna malaika wanaowalinda wajinga, usiku ule walifanya kazi ya ziada.

Alfajiri tulikuwa kwenye bonde la mpunga. Ukungu, vyura, na harufu ya tope. Alipiga mara ya kwanza kuwafukuza nguruwe watatu waliokuwa ukingoni. Mlio ulikuwa mwingine, mkavu, wa kuchana sikio, na bunduki ikamrudisha nyuma hatua nzima, yeye ambaye nilikuwa simjui kuyumba. Alicheka. Alipoikunja kulitoa ganda, halikutoka. Alilichokoa kwa ncha ya kisu. Alinipa nilitie kwenye pakacha nami nikaliangalia. Ile fataki kitakoni, ambayo siku zote hubaki na ukingo wa mviringo na kidimbwi katikati, ilikuwa bapa, imeenea mpaka kwenye shaba, kama senti iliyokanyagwa na gari la ng'ombe.

Leo, mtu akinipa ganda la namna hiyo nitamvua bunduki mkononi kwa nguvu. Ganda lililong'ang'ania, fataki iliyolala bapa, na teke lisilo la kawaida ni maneno matatu ambayo bunduki inayasema kabla ya kupasuka, na si kila siku inayasema yote. Pale yalisemwa yote matatu, kwa sauti. Mjomba akatia kiasi cha pili.

Sitaueleza mkono. Mkono wa kushoto, ule unaoushika mtutu, ulipoteza vidole vitatu, na jicho la kulia lilipata majivu na vipande vidogo vilivyotolewa kimoja kimoja, likapona nusu. Nitaueleza mkarafuu. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, nyuma kidogo, nimeegemea mkarafuu mkongwe. Kipande cha chuma cha mtutu, kipana kama vidole viwili, kiliingia kwenye shina lile shubiri moja kutoka kichwani pangu. Mti ulikua ukakifunika. Kovu lake lipo mpaka leo, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto bado nikipita pale nikilipima kwa mkono.

Tulimfunga kwa kanga ya mwanamke aliyekuwa akienda kuchota maji, tukampakia kwenye gari la chai maharage lililokuwa likielekea Wete na magunia. Alinyamaza njia nzima. Neno lake moja tu lilikuwa kuniuliza kama bunduki nimeichukua, isije ikaokotwa na watoto.

*

Miaka ishirini na kitu baadaye nilikuwa Marekani, jimbo la Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Zamu yetu ilikuwa na mzee mmoja aliyebakisha miezi michache kustaafu. Alipojua kwamba nimekulia kwa msasi, akanialika kwake nione anavyojaza risasi zake. Kule ni jambo la halali na la kawaida, mashine zake zinauzwa madukani kama cherehani. Nilikwenda kwa adabu tu. Sikupenda hata kuinusa baruti.

Nilichokiona chini ya nyumba yake kilinitia wivu kwa niaba ya Mjomba. Meza tupu. Kopo moja la baruti, moja tu, mengine yamefungiwa kabati la mbao mbali na meza. Alisema makopo mawili yakikaa pamoja mezani, iko siku mkono utakosea. Kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa risasi anayoijaza, na anakisoma kila mara ingawa namba anazijua kwa moyo. Mizani ndogo, anaijaribu kwanza kwa jiwe la uzito unaojulikana. Hapimi kwa kijiko wala kikombe, ila kwa greni, na greni 180 ndizo tola moja ya masonara wetu. Maganda yamesimama ndani ya ubao wenye matundu 50, na yakishatiwa baruti yote anashika tochi, anamulika ndani ya kila moja kabla ya kuziba, kuona kimo ni kimoja. Redio imezimwa. Mkewe akishuka na chai, mzee anafunika kopo kwanza ndipo anajibu salamu.

Nilimsimulia habari ya kigae. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaleta boksi la viasi vya marisau, akanionyesha maandishi ubavuni yanayosema dram tatu. Dram ni kipimo cha zamani cha baruti nyeusi, na watengenezaji wanakiandika ili kulinganisha tu, yaani kiasi hiki kina nguvu kama ya dram tatu za baruti ya babu yako. Ndani baruti isiyo na moshi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Akasema hata kwao wapo waliosoma tatu wakatia tatu. Kwa nambari 12 ya kawaida, mgandamizo wa juu unaoruhusiwa na ile taasisi ya watengenezaji wa silaha wa Marekani, SAAMI, iliyoanzishwa 1926, ni ratili 11,500 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo linajazwa upepo wa ratili 30 hivi. Huko kwenye maelfu ndiko mtutu unakoishi kila siku ukiwa mzima, kabla mtoto hajaongeza nusu ya kijikombe.

Alinifundisha na mengine. Kwa nini viasi vya nambari 20 vinatengenezwa vya njano: kimoja kikidondokea ndani ya bunduki ya nambari 12 kinapita, kinakwama mbele, mtu anadhani hajatia kitu, anatia cha 12 nyuma yake. Kwa nini ukifyatua na isilie hufungui haraka, unaishikilia imeelekea palepale ulipokusudia na kuhesabu mpaka thelathini, kwa sababu moto unaweza kuwa unatembea ndani. Nilidhani kwa damu niliyoiona utotoni mimi sihitaji kuonywa.

Jumamosi moja alinipa nafasi nijaze mwenyewe, risasi hamsini za rivolva. Nilipima kila moja. Nikiwa thelathini na ngapi sijui, simu ikalia mfukoni. Mama, kutoka Pemba, na simu ya mama haiachwi. Niliongea dakika kumi, habari za msiba wa jirani na bei ya karafuu. Nikarudi mezani nikaendelea. Tochi sikuipitisha, kwa vile nilijua nilipofikia.

Uwanjani wiki iliyofuata nilipiga tatu zikalia pa, pa, pa. Ya nne ikasema "pu," kama mtu aliyetema mbegu. Kidole changu kilikuwa tayari kinaifuata ya tano. Mzee alipaza sauti ambayo sikujua anayo, na mkono wake ukanishika kifundo. Tulipoifungua, ile ya nne ilikuwa ganda lisilotiwa baruti kabisa. Fataki peke yake iliisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu ikakwama pale. Ya tano ingeikuta pale kama ukuta. Aliitoa kwa kijiti cha shaba na nyundo, taratibu, bila kunitazama, kisha akazichukua zote arubaini na sita zilizobaki, akazitia ndani ya mfuko. Nyumbani tulizifungua moja moja. Nyingine zote zilikuwa sawa.

Sikulala. Mjomba alizidisha kwa kutojua. Mimi nilijua kila kitu, nilikuwa na mizani, kitabu na tochi, nikaviacha kwa mazungumzo ya bei ya karafuu.

*

Niliporudi nyumbani kwa likizo nilimkuta Mjomba amezeeka vizuri, analima kwa mkono mmoja na vidole viwili. Ilinichukua siku nne. Siku ya tano, baada ya alasiri, tukiwa barazani tunamenya njugu, nikamwambia habari ya vizibo vilivyoshuka, na nusu kijikombe niliyoiongeza.

Akaendelea kumenya.

"N'nalijua hilo," akasema. "Niliyafungua yale sita yaliyobaki, nilipotoka hospitali. Nikaona ulivyojaza."

"Na hukunambia?"

"Nikwambie nini? Weye ulichota. Kijikombe nani alikitengeneza?"

Kisha akaniuliza kama Marekani wanapanda njugu.

Amefariki sasa, na yaliyonirejesha kwenye habari hii ni mambo mawili. La kwanza, kijana mmoja wa ukoo wetu alinijia na simu yake, ananionyesha picha ya bomba la maji alilolichomelea kitako, gobore la kufukuzia tumbili, anataka nimwelekeze baruti ya kutia kwa kuwa amesikia nimesomea Marekani. Sikumpa hotuba. Nilimchukua mpaka kwenye ule mkarafuu, nikamwambia aweke kidole kwenye kovu, kisha asimame nilipokuwa nimesimama. Bomba la maji limetengenezwa lichukue maji. Alilikata vipande mbele yangu, na nilimlipa mchomeleaji mimi.

La pili, mkaza mjomba alipokuwa anaezua nyumba kutia mabati, mafundi waliteremsha kutoka darini kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Alinipigia simu huku wao wamelishika. Nikamwambia walitue chini taratibu, waondoke wote, wasilifungue, wasivute sigara, wamwite sheha. Sheha akaja na askari wawili, wakaenda nalo. Miaka arubaini lilikuwa juu ya kitanda cha watoto.

Kijikombe kilikuwa pembeni yake, ndani ya soksi. Hicho nilikiomba. Nilikichemsha, nikakisugua, nikaenda nacho kwa sonara Chake Chake, nikamwomba mizani yake. Akaniuliza dhahabu iko wapi. Nikamwambia nataka kupima maji. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekaa ng'ambo muda mrefu, lakini akakiweka mizanini, akaifuta namba, akaniachia nikijaze kwa chupa ya maji ya kunywa, mpaka ukingoni. Baruti nyeusi kwa ujazo ina uzito unaokaribiana na wa maji. Ikaandika gramu 5.3, nusu tola kasoro. Dram tatu kamili! Mjomba, kwa macho na mchanga wa kusugulia, alikata kipimo sahihi kabisa cha baruti ambayo hakuwa nayo tena. Ile ya kisasa ilitaka gramu moja na kitu.

Jioni nilimpa mkaza mjomba hesabu. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza nusu tola ni kama nini, nikamwonyesha kwa kidole kikombe chenyewe. Akakichukua, akakipima kiganjani.

"Bangili zangu za harusi zilikuwa tola tatu," akasema. "Aliziuza kununua bunduki."

Akanirudishia, akaendelea na mchele.